Muulize Fundi Rangi: Gari jipya, milango ya chungwa

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza imekula karibu ukurasa wote, na wenye barua fupi mnisamehe. Nimeipa nafasi kwa sababu hapa Mwanjelwa, Mbeya, naletewa kesi kama hii kila baada ya wiki mbili, na mara nyingi naletewa ikiwa imeshaharibika.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Kihesa, Iringa. Baada ya miaka kumi na moja ya daladala na bodaboda nimekopa SACCOS, nikanunua gari dogo, jipya kabisa, kilomita 14 tu kwenye dashibodi. Ndilo lililokuwa la bei ya chini kuliko yote pale yalipopangwa. Rangi yake ni silva. Nililichukua Dar es Salaam jioni, taa zimeshawashwa, kila kitu kinameremeta. Asubuhi ya pili yake niko nyumbani nalifuta vumbi la Kitonga, ndipo nikaona. Boneti ni safi, lakini milango yote minne ukiitazama kwa ubavu ina vidimbwi vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Bampa la mbele limekolea kuliko fenda. Halafu fenda ya nyuma kushoto, juu ya tairi, kuna sehemu ya ukubwa wa viganja viwili imefifia, ukipitisha vidole inakwaruza kama ina mchanga. Nikampigia aliyeniuzia, akasema, "Mwalimu, gari za bei hiyo ndivyo zilivyo." Shemeji yangu ameshanitafutia fundi Ipogolo, anataka 350,000 alisugue gari zima kwa msasa wa maji, alipige polishi liwe kama kioo. Je, nimeuziwa gari lililogongwa? Na huyo fundi nimpe kazi?*

Marahaba, mwalimu. Kamwene. Naanza na swali lako la mwisho, maana shemeji naona ana haraka: usimpe. Hata akishuka hadi laki moja usimpe. Hata akisema atakufanyia bure. Hasa akisema atakufanyia bure.

Sasa tukae.

Barua yako ina mambo matatu, na muuzaji ameyafunga yote kwenye kanga moja. Kwa mawili amekuambia kweli. Kwa la tatu amekudanganya, au hajui, na kwa mtu anayeishi kwa kuuza magari mimi sioni tofauti kubwa.

Milango kwanza. Ile ngozi ya chungwa imetoka kiwandani na haina maana kwamba gari limegongwa. Kiwandani bodi zima, likiwa bati tupu, linazamishwa kwenye dimbwi la praima, yaani rangi ya chini kabisa, lililotiwa umeme, ili dawa ya kutu iingie hadi kwenye mifupa ambako bunduki yangu mimi ya kupulizia rangi haifiki. Linaokwa. Linapigwa praima ya pili, na viwanda vingine siku hizi huiruka hatua hiyo ili kuokoa muda na moto. Linakuja rangi yenyewe, halafu juu yake kliya, ile ngozi ya mwisho inayoonyesha kama kioo, kisha linaokwa tena kwenye joto la nyuzi kama 140. Anayepiga ni roboti, na mkononi ameshika kikombe kidogo kinachozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Kile kikombe kinairusha rangi kama ukungu, na ukungu wenyewe umetiwa umeme ili bati liuvute.

Sasa fikiria ule ukungu unavyotua. Ni matone, siyo maji ya kumwaga. Yakishatua yanatakiwa yaungane, yajilaze, yawe uso mmoja kabla thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, haijapaa na rangi haijakaza. Kwenye boneti na kwenye paa yanalala vizuri, kwa sababu pamelala. Mlango umesimama. Ukiweka kliya nyingi kwenye kitu kilichosimama inachuruzika, sisi tunaita machozi, na chozi likishakauka ni kazi ya kurudia. Kwa hiyo mlangoni kliya inawekwa kwa tahadhari, na kliya kidogo haina nguvu ya kujilaza. Inakauka na vidimbwi vyake. Ndiyo maana umeona tofauti kati ya boneti na milango. Nenda popote penye magari yameegeshwa, hata ya wakubwa, chuchumaa utazame milango kwa ubavu. Utakuta chungwa kwenye gari la mamia ya mamilioni. La bei nafuu linakuwa na chungwa kubwa zaidi kwa sababu hakuna anayelipwa kukaa nalo na kulisugua kabla halijatoka. Hapo ndipo bei yako ilipopungua, pamoja na kwenye viti.

Fanya hivi leo usiku. Kama una taa ya tyubu kwenye baraza, liegeshe gari ubavu uelekee taa, usimame hatua mbili. Tazama mstari wa taa ndani ya rangi. Kwenye boneti utauona umenyooka. Mlangoni utauona kingo zake zinatetemeka kama nyuzi za sweta. Nenda mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Zikitetemeka kwa namna moja, upande huu na upande ule, hiyo ni kazi ya mashine moja na siku moja. Binadamu hawezi kukosea sawasawa milango minne. Mimi nimejaribu miaka thelathini na moja, sijaweza.

Bampa nalo halina kesi. Bampa ni plastiki. Ukiliingiza plastiki kwenye tanuri la nyuzi 140 linatoka limejikunja kama chapati, kwa hiyo linapigwa rangi peke yake, mara nyingi kwenye kiwanda kingine kabisa, kwa rangi yenye dawa ya kulifanya linyumbuke na kwa joto la chini zaidi. Halafu gari lako ni silva. Silva ndiyo rangi inayosumbua kuliko zote, kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo vya alumini, na jinsi vilivyolala ndivyo mwanga unavyorudi. Vikilala chali rangi inang'aa, vikisimama inakolea. Kopo lile lile, bunduki mbili, silva mbili. Watu wa silva nawaonea huruma sana, mwalimu. Mwenye gari jeupe asingeona kitu.

Imebaki fenda.

Hapo ndipo nilipovua miwani nikaifuta. Sehemu moja tu, upande mmoja tu, imefifia, na ina mchanga ndani. Kiwandani vumbi linaweza kuingia, lakini pale panafagiwa kuliko chumba cha upasuaji, na kikiingia kipunje wanakisugua. Viganja viwili vya mchanga juu ya tairi, mahali ambapo forklifti au nguzo au mlango wa gari jirani hupenda kugusa, naona pamepigwa rangi na mtu kama mimi, nje, upepo ukivuma. Gari jipya linasafiri sana kabla ya kukufikia: linapakiwa melini, linashushwa, linasogezwa sogezwa yadi. Likikwaruzwa huko njiani linatengenezwa kimya kimya, na dashibodi inaendelea kusoma kilomita 14.

Usiniamini mimi niliye mbali. Nenda kaangalie mwenyewe, asubuhi, gari likiwa safi na kavu. Fungua mlango wa nyuma kushoto. Ule mpira mweusi unaozunguka tundu la mlango unavutika kwa vidole, uvute taratibu pale unapopakana na fenda. Chini yake rangi inatakiwa iendelee bila kituo. Ukikuta mstari, kama ngazi ndogo sana ambayo ukucha unakwama, hapo palibandikwa selotepu ya fundi. Kisha piga magoti uangalie ndani ya tundu la tairi, kwenye plastiki nyeusi: imenyunyiziwa ukungu wa silva? Angalia mpira wa kioo kidogo cha nyuma. Angalia kifuniko cha mafuta kama kiko upande huo, ufungue uone ndani. Roboti hachafui mpira kwa sababu wakati anapiga mpira haujafungwa bado. Mtu ndiye anayechafua.

Kisha kuna kipimo. Kijana wangu alininunulia kimoja, kidogo kama simu ya tochi, unakigusisha kwenye bati kinakwambia unene wa rangi kwa maikroni. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Wewe ni mwalimu, chukua karatasi moja ya kufotokopia mtihani: ni kama maikroni 100. Basi rangi yote ya gari lako, kuanzia praima ya umeme hadi kliya ya juu, ni karatasi moja hiyo, labda moja na nusu. Kwa magari yanayotoka kiwandani nasoma kati ya 80 na 140 hivi. Nikisoma 250 najua limerudiwa. Nikisoma 600 na kuendelea, chini kuna puti, ule udongo wa fundi wa kuzibia mabonde, na puti maana yake bati lilibonyea. Kwenye bampa hakisomi, ni plastiki. Fundi yeyote mwenye kujiheshimu pale Iringa mjini atakupimia kwa bei ya soda mbili. Mwambie apime fenda zote mbili za nyuma, akuandikie namba, upige picha kioo cha kipimo kikiwa juu ya bati.

Ukishapata hizo namba ndipo umrudie muuzaji, na siyo kwa simu. Andika barua. Taja tarehe uliyochukua gari, namba ya chasisi, vipimo vya fenda ya kushoto na ya kulia, weka picha, na useme unachotaka: fenda irudiwe kwa gharama zake kwenye karakana yenye chumba cha rangi, au apunguze bei. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kilingane na maelezo yaliyotumika kukiuza, na wewe umeuziwa gari jipya, hukuuziwa gari jipya lenye fenda ya mtaani. Akikaa kimya, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Sitaki kukutisha na mahakama kwa viganja viwili vya rangi, lakini barua ina uzito ambao simu haina. Muuzaji anajua simu inasahaulika.

Na ukikuta fenda zote mbili zinasoma 110? Basi nimekosea mimi, ni vumbi la kiwandani, na bado barua iandike, kwa sababu waranti nyingi za gari jipya zinagusa rangi. Soma kijitabu kilichomo kwenye kisanduku cha mbele. Mara nyingi utakuta pia wameandika kwamba ukigusa rangi kwa fundi wa nje, waranti imekufa. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kumkimbia fundi wa Ipogolo.

Sababu ya pili naijua kwa mikono yangu. Miaka ya nyuma mteja mmoja kutoka Tukuyu aliniletea gari jeusi, jipya, analalamika kama wewe. Nikamwambia hilo dogo. Nikachukua msasa laini wa namba 1500, ndoo ya maji, tone la sabuni, nikaanza na boneti. Ukisugua kliya, maji yanatoka meupe kama maji ya kunawa mchele. Hayo ndiyo maji unayotaka kuyaona. Nikasugua, nafuta kwa raba, natazama, chungwa bado lipo kwenye vidimbwi vya chini kabisa, nasugua tena. Chungwa lina tabia hiyo: vilima vinaisha upesi, mabonde yanabaki, na ili uyafikie mabonde lazima ushushe uwanja mzima. Nilipofika kwenye ule mkunjo wa boneti, pale bati linapojipinda, maji yakageuka. Kwanza kama chai ya rangi, halafu meusi. Nikajua. Kliya imekwisha, nasugua rangi yenyewe. Kwenye mikunjo kliya huwa nyembamba kuliko kwingine, na kidole kinapasukuma zaidi. Boneti nzima nikairudia kwa pesa yangu, na bado chini ya jua la saa sita ilikuwa nyeusi ya ukoo mwingine na fenda zake.

Kliya ya kiwandani ni maikroni 40 hivi. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi. Kuondoa chungwa lote unaweza kula 10 au zaidi, na mwenye haraka anakula zaidi ya hapo. Ndani ya kliya ndimo ilimo dawa ya kuzuia mionzi ya jua. Na sisi wa huku juu tunajidanganya na baridi: Iringa iko juu ya mita 1,500, Mbeya karibu 1,700, umevaa sweta na bado jua linachoma kuliko la Dar, kwa sababu hewa iliyopo juu yetu ya kulichuja ni pungufu. Ukiipunguza kliya leo, gari litang'aa harusini, na miaka minne mbele paa linaanza kumenyuka.

Kwa hiyo milango iache na chungwa lake. Siku utakapoliuza, mnunuzi mjanja atachuchumaa atazame ubavu, aone ngozi ya kiwandani haijaguswa, atafurahi. Mimi huwa nafurahi. Ioshe kwa kitambaa laini na maji mengi, vumbi la Kitonga usilifute likiwa kavu, hilo ni msasa mwingine. Nta mara mbili kwa mwaka inatosha. Hiyo 350,000 irudishe SACCOS.

*Fundi, mimi ni dereva teksi Makambako. Paa la gari langu linabanduka ngozi, kama mtu aliyeungua na jua. Naweza kununua kliya ya kopo la kupulizia nikazibia pale palipobanduka?* — Dereva, Makambako

Hapana, ndugu yangu. Ulichokiona kinabanduka ni kliya iliyokufa, na iliyo pembeni yake inakufa pia, haijajijua tu. Ukipulizia juu yake, mpya itashika ya zamani, na ya zamani haishiki kitu. Paa lote lisuguliwe hadi pale rangi ilipo imara, lipigwe rangi na kliya upya mpaka kwenye mikunjo. Kama pesa haipo mwaka huu, liache, linatia aibu lakini halitoboki. Kutu utaiona kwanza chini ya milango, huko ndiko uangalie.

*Mjomba, shikamoo. Nina kijiwe changu cha rangi Uyole, nina miaka miwili kazini. Kuanzia Juni hadi Agosti kliya yangu inatoka chungwa tupu, Oktoba inatoka vizuri. Bunduki ni ile ile, kompresa ile ile. Nimerogwa?* — Kijana wa Uyole

Marahaba. Hujarogwa, una baridi. Asubuhi ya Julai hapo Uyole unaiona pumzi yako mwenyewe, na kliya iliyolala stoo usiku mzima imekuwa nzito kama uji wa jana. Nzito haipasuki vizuri mdomoni mwa bunduki, inatoka matone makubwa, yanatua kwenye bati la baridi na hayaungani. Wengi hapo wanaongeza thina, kliya inakuwa nyepesi, inachuruzika machozi, wanarudi kupunguza mkono, chungwa linarudi. Nimezunguka huo mduara.

Weka kopo ndani ya beseni la maji ya moto, siyo jikoni kwenye mkaa tafadhali, mpaka ukilishika ulione vuguvugu. Likaushe vizuri kabla hujalifungua. Gari nalo lilale ndani, na usipige kabla ya saa tano. Nunua thina ya kukauka haraka kwa miezi hii na ile ya polepole uitunze kwa Oktoba. Bunduki iwe umbali wa kiganja kilichotanuliwa, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Unaposogea mbali zaidi kliya inakauka hewani. Na kila asubuhi fungua koki ya chini ya kompresa umwage maji, kwa ukungu wa hapo naamini unatoa kikombe kizima.

Halafu kile kitambaa unachojifunga puani, najua unacho, wote tulikuwa nacho. Hakizuii kitu. Hadina, ile dawa ya kukazia unayochanganya na kliya, ina sumu ambayo haina hata harufu ya kukushtua, na inakaa kifuani. Nunua maski yenye vichujio viwili vya mkaa, hata kama itabidi uchelewe kununua bunduki mpya. Mimi sasa nikipanda kutoka sokoni hadi nyumbani nasimama mara mbili, na mke wangu anajifanya anaangalia vitenge.

Ukikwama zaidi njoo Mwanjelwa Jumamosi, ulete na kopo lako. Ila usije asubuhi. Kompresa yangu nayo huwa haiamki hadi saa nne.